Bibi Harusi wa Komedi

Wanaoniuliza kwa nini napenda komedi za nyimbo huwa nawajibu kwamba nimeiona moja tu jukwaani, na sijawahi kucheka tena namna ile. Ilikuwa komedi ya zamani ya Broadway, kule New York, na sisi tuliiona Kisangani, Kongo, katika ukumbi wa parokia moja ya Tshopo, mmoja wa mitaa ya mji. Waliicheza wanakwaya, kwa magitaa mawili, kinanda na ngoma. Bibi harusi alikuwa shangazi yangu.

Kama hujawahi kuona mchezo wa aina hiyo, usiogope, si mgumu. Watu wanazungumza kama kawaida, halafu mmoja wao anazidiwa na moyo wake, na badala ya kusema anaimba. Wenzake hawashangai. Wanaitikia, wanacheza, kisha maisha yanaendelea. Mwishoni waliogombana wanapatana, na lazima kuwe na harusi. Ukishajua hayo, umeshaelewa nusu ya mchezo kabla pazia halijafunguka.

Hivyo ndivyo nilivyomweleza babu, au koko kama tunavyomwita, baba yake shangazi, tulipokaa mstari wa mbele. Alikuwa mzee sana na hakuwahi kuingia kwenye ukumbi wa michezo. Alikubali kuja kwa sababu moja tu.

Miaka michache kabla ya hapo, shangazi alichumbiwa na mfanyabiashara wa samaki. Wiki ya harusi, yule bwana alipanda baleinière, ile boti ndefu ya mbao yenye mota, akashuka nayo mto hadi Isangi kuleta samaki wa karamu. Samaki walifika. Yeye hakufika, alioa hukohuko. Samaki tuliwala, maana wangeoza.

Shangazi alikuwa fundi cherehani huko Mangobo, mtaa wetu, na kila Jumapili sauti yake ilisikika juu ya kwaya nzima. Aliyeongoza mchezo, mwalimu wa Kifaransa ambaye sote tulimwita prof, alimchagua bila hata kuwajaribu wanawake wengine. Siku hiyo shangazi alirudi nyumbani na kitambaa cheupe, akakata gauni mwenyewe.

"Papa," alimwambia babu, "ulisema unapenda kuniona na robe nyeupe mbele ya kufa. Bon. Jumamosi utaniona."

"Na bwana iko nani?"

"Ni wa mchezo, papa."

"Hata wa mchezo. Avae soksi."

Sasa nieleze kwa nini prof alimchagua haraka vile. Katika komedi ile, bibi harusi anamngoja mwanaume ambaye kila mara anaikosa harusi yake mwenyewe, na kila mara bibi harusi anawaimbia wageni kwamba yuko njiani. Huko New York mwanaume yule alikuwa dereva wa treni. Prof alimgeuza kapiteni wa baleinière ya Isangi. Nusu ya ukumbi ilikuwa imetoka Mangobo.

Shangazi alipoimba mara ya kwanza kwamba mpenzi wake yuko mtoni anakuja, ukumbi ulipasuka. Aliimba kama anavyoimba kwenye misa, macho juu, mikono kifuani, na ndiyo maana ilichekesha. Mtu anayeomba kuchekwa hachekeshi hata nusu ya hivyo.

"Uliza kama samaki wametangulia!" mwanamke mmoja alipiga kelele.

Kwetu mwimbaji akitupendeza tunapanda jukwaani kumfuta jasho kwa kitambaa. Ni heshima. Jirani yetu mmoja alipanda akicheza, akamfuta shangazi paji la uso, mashavu, shingo, bila haraka, kisha akasogeza mdomo kwenye mikrofoni: "Mama, jasho yote hii, na bwana hajapanda hata boti?"

Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Babu hakucheka. Aliniuliza kama bwana amefika.

"Bado, koko. Anafika mwishoni."

Wakati wa mapumziko nilimpelekea shangazi maji nyuma ya jukwaa. Alikuwa anarekebisha pindo la gauni.

"Tantine, wanakucheka wewe, hawacheki mchezo."

"Najua. Mimi si kiziwi. Wacheke, mwishoni kapiteni anaingia, ananishika mukono, wanatuimbia. Papa iko anaona muzuri pale alipo?"

Wakati huohuo, upande wa pili wa pazia, prof alikuwa anamwambia kijana aliyecheza kapiteni asiingie kabisa. Kijana mwenyewe alitusimulia baadaye. Alimwuliza, "Na harusi, prof?" Prof akamjibu: "Umewasikia? Ukiingia, kicheko kinakufa." Hakuna aliyemwambia shangazi.

Ikafika sehemu ya mwisho. Shangazi akasimama katikati amevaa shela, na kwaya nyuma yake. Akaimba kiitikio cha kumwita bwana. Hakuja mtu. Akatazama pembeni, akaimba tena. Wapiga gitaa, ambao nao hawakujua lolote, wakarudia. Watu walikuwa wanapiga viti kwa viganja, wengine wanafuta machozi. Mara ya tatu sauti yake ilitoka nyembamba.

"Iko wapi?" babu akauliza.

"Anakuja, koko. Lazima aje, ndivyo mchezo ulivyo."

"Amechelewa."

Akainuka, akafunga vifungo vya koti, akapanda zile ngazi za mbao moja baada ya nyingine, akachukua mikrofoni kama anavyofanya kwenye vikao vya ukoo.

"Mimi ndiye baba. Familia ya bwana iko hapa? Hakuna? Wa kwanza walau alituachia samaki. Wewe hata dagaa! Toka huko nyuma ya nguo nikuone. Utaleta amende, faini yetu: mbuzi dume, na siyo ile ya kukohoa!"

Kapiteni alichungulia, akamwona babu, akakimbia. Ukumbi mzima ukasimama.

"Papa, shuka," shangazi alisema. "Ni mchezo."

"Mchezo ni kwao. Wewe umevaa robe."

Kisha babu akasikia makofi. Sidhani kama maishani mwake aliwahi kupigiwa makofi. Aligeuka polepole, akavua kofia, akaiinua. Wakapiga zaidi. Akaiinua tena.

Pazia lilipofungwa, prof alikuja mbio, shati limelowa.

"Koko, kesho urudi! Vilevile, usibadilishe hata neno."

Babu alimtazama binti yake, kisha prof.

"Saa ngapi?"

"Na kapiteni?" shangazi aliuliza. "Kesho ataingia?"

"Ee mama, baada ya koko, nani atamhitaji kapiteni?"

Nilimnong'oneza shangazi akatae, aseme haimbi bila harusi yake. Alikuwa anachomoa pini za shela na kuzishika kwa meno. Alimtazama baba yake, ambaye alikuwa bado ameshika kofia mkononi. Alipomaliza pini ya mwisho alimwambia, "Papa, kesho uongee polepole. Watu wa nyuma hawakusikia muzuri."

Jumapili ukumbi ulijaa hadi madirishani. Shangazi aliimba kiitikio mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, bila kutazama pembeni hata mara moja. Kabla ya mstari wa mwisho alinyamaza na kuwafanyia wapiga gitaa ishara wangoje, ili babu apate muda wa kupanda ngazi.