Nilimficha Jina, Nikaacha Mengine Yote

Admin, naomba usiweke jina langu, na ukiona mahali nimejieleza kupita kiasi, pakate. Mimi ni dada wa miaka thelathini na mbili, nipo Songea mjini, nina mume na mtoto mmoja. Nipo ofisi ya utumishi kwenye kampuni binafsi ya kununua na kuhifadhi mahindi. Kwa nje naonekana nimefanikiwa. Ndani nimeoza, nasema ukweli.

Mwaka juzi nilikuwa namalizia shahada ya pili. Utafiti wangu ulihusu kwa nini wafanyakazi wananyamaza hata wanapoumizwa kazini, na niliufanyia hapo hapo kwetu. Meneja alikubali kwa sharti moja tu, nikimaliza nimpe nakala. Nikaona jambo dogo.

Niliyemhoji kwa kirefu kuliko wote ni karani wa mizani, tumwite Mama Devota. Ndiye aliyenipokea nilipoanza kama kibarua, akanifundisha kazi, akawa ananiwekea chai na mihogo kila asubuhi. Nilimwambia, "Mama, jina lako halitaonekana popote." Akacheka. "Mwanangu, wewe nikikuogopa, nitamwamini nani?" Akanieleza kwamba siku aliyoomba ruhusa kwenda kumzika kaka yake kijijini Mpitimbi, meneja alimdhihaki mbele ya wapakiaji, akamuuliza huyo kaka amekufa mara ya ngapi. Watu wakacheka. Tangu siku ile hajawahi kufungua mdomo kwenye kikao chochote. Alilia, nami nikalia, lakini mkono wangu ulikuwa unaandika. Nilijua nimepata kitu kizuri cha kuweka kwenye ripoti.

Niliweka maneno yake yote. Jina sikuweka. Chini yake nikaandika maelezo kidogo ya msemaji: mwanamke, karani wa mizani, miaka kumi na tisa kazini. Jamani, ghala zima karani wa mizani mwanamke ni mmoja! Msimamizi wangu chuoni aliipitisha, na yeye angejuaje? Mimi ndiye niliyekuwa najua.

Meneja aliona siku ya kwanza. Aliniita ofisini, ripoti iko wazi mezani, akaniuliza kwa upole kabisa, "Huyu ni yule mama wa mizani, siyo?" Ningeweza kusema siruhusiwi kujibu. Tulifundishwa hivyo darasani. Niliangalia chini nikanyamaza, mimi niliyeandika ripoti nzima kuhusu watu wanaonyamaza. Akaifunga, akasema, "Basi, asante." Mkataba wa Mama Devota ulipoisha haukuongezwa. Mimi nikapandishwa cheo.

Sasa hilo peke yake ningejikaza nalo. Tatizo ni kwamba Mama Devota hanishuku hata kidogo. Anaamini aliyemchongea kwa meneja ni dada Ester, mpika chai wetu, kwa sababu siku ya mahojiano Ester aliingia na chupa ya chai akamkuta analia. Hawa walikuwa majirani wa kuazimana chumvi, jumuiya moja, hata mashamba yao yanapakana. Mama Devota ameacha kumsalimia. "Yule nyoka alikuwa anakula kwangu," ananiambia kila nikienda kumwona. Nami naitikia "mh", nakunywa uji wake, narudi nyumbani.

Mwezi uliopita mume wa Ester alifariki. Mama Devota hakwenda msibani. Nyumba ya pili tu! Wanawake wa jumuiya wamepika, wameimba, yeye yuko ndani amejifungia. Baada ya maziko Ester alinishika mkono, macho yamevimba. "Mdogo wangu, yule ni kama mama yako. Hebu niambie, nilimkosea nini mpaka leo hii kashindwa kuja?" Nikamjibu, "Sijui, dada." Nilisema hivyo mkono wangu ukiwa ndani ya mkono wake.

Nikisema ukweli, meneja atasikia kwamba nimemtaja na kazi itakuwa imekwisha. Lakini kazi naweza kutafuta nyingine. Naogopa uso wa Mama Devota, ambaye mpaka leo ananitaja kwenye sala zake. Mume wangu anasema ninyamaze, mambo yatapoa yenyewe. Hayajapoa. Juzi Ester ameniambia arobaini ikipita anahama, anarudi kwao Namtumbo na watoto, hawezi kuishi jirani na mtu anayemwita nyoka bila kumwambia kosa lake.

Zimebaki wiki mbili. Msiniambie nitubu, nimeshaungama, na padre akaniambia niende kwa wenyewe. Nimefika mpaka kwenye kona ya mtaa wao mara tatu, nikageuza kurudi nyumbani. Ndugu zangu mnaosoma, nitukaneni mkitaka, nimestahili, lakini mkimaliza mnielekeze: nianze kubisha mlango wa nani, na nikifunguliwa niseme nini?