Gauni la harusi nililolijenga kama nyumba ya Kimasai, na mkasi uliolibomoa

Wakuu, heshima zenu. Mimi ni bibi mtu mzima na leo nina hasira, mnivumilie. Haya yalinipata mwenyewe, sijasimuliwa.

Ni Karatu, muda mfupi baada ya Uhuru. Nilikuwa binti, nashona kwenye baraza la duka mjini. Mdogo wangu Paskalina alikuwa anaolewa kwetu Kansay.

"Dada, nishonee gauni linalosimama," akaniambia. "Nimechoka kuitwa kifupi."

Sasa, nilikuwa nimeenda Malambo na baba kuuza mahindi, nikamwona mama wa Kimasai anajenga nyumba. Kwa wasiojua, kule nyumba anajenga mwanamke. Anachimbia fito mbichi, anazikunja, anazifunga, na kabla hajapaka samadi unaona mifupa yote.

Mimi niliona sketi!

Nikachukua fito nyembamba kama penseli, nikazikunja mduara, nikazishonea katikati ya tabaka mbili za kitambaa cha marekani. Mabega nikayakaza kwa wanga. Urefu wote niliukata kufuata zile fito. Gauni likasimama sakafuni bila mtu ndani, na Paskalina alipolivaa alilia kwa furaha.

Siku ya harusi, mlangoni mwa kanisa, katekista akaligonga kwa kidole.

"Humu kuna nini?"

"Fito," nikasema, kichwa juu. "Kama nyumba ya Kimasai."

"Boma haliingii kanisani. Toeni."

Shangazi yangu mwenyewe ndiye aliyeleta mkasi! Wakamsimamisha bibi harusi nje, wakachana, wakavuta fito moja moja. Mimi napiga kelele, baba kanishika mkono. Hakuna aliyemuuliza Paskalina.

Bila fito za kulitanua, gauni likawa refu kuliko yeye. Akaingia amelishika kwa mikono miwili, na alipoambiwa atoe mkono wa pete likamponyoka, akalikanyaga, akaangukia magoti.

Watu wakacheka. Kanisani, wakuu!

Siku ya pili yake Paskalina akaja barazani na gauni na fito zake. "Zirudishe."

Nikazirudisha. Jumapili akalivaa kanisani, akakaa benchi la mbele, sketi ikajaza nafasi ya watu watatu. Katekista akapita kwa ubavu.

Lakini harusi hairudiwi, na mimi sijasamehe.

Nilichojifunza: kabla hujagusa nguo iliyo mwilini mwa mtu, muulize aliyeivaa.

Uliyewahi kuchaniwa kazi yako hadharani, funguka hapa. Na anayemtetea katekista aje pia, namsubiri.