Simu Iliyompa Ng'ombe Mbegu

Nawakumbuka waliokuwapo siku ile ya kugawa mbegu kule Ludara. Alikuwapo Keji, mjane wa shemeji yangu. Alikuwapo Poni, mtoto wa binti yangu, aliyetoka Arua anakosomea kompyuta. Alikuwapo Yeno wa kutoka Abuku, ambaye sikuwa namjua, na hilo mwanangu lishike. Wengine ni wanawake wa kikundi chetu. Nikiwataja wote thelathini na wanane jua litatua, ingawa naweza.

Kikundi huweka mbegu za simsim, yaani ufuta, katika ghala moja, kila mwanamke na jerikeni yake, imejazwa mpaka mdomoni ili wadudu wakose hewa. Jerikeni zote ni za manjano, zimefanana kama vifaranga. Miaka yote daftari nilikuwa mimi: nakutazama usoni, nakuonyesha yako. Lakini uzee haupigi hodi, na Poni akasema kazi hiyo ataitia kwenye simu ya kikundi.

"Nyanya, watu wamekwisha kuandika maktaba ya kazi hii, programu iliyo tayari, mimi naichukua tu," alisema. "Naipa majina yote mara moja, inatafuta hesabu. Kila jina linapata namba yake, mawili hayagongani, na hakuna namba inayobaki tupu. Inaitwa heshi kamili."

"Na majina yenyewe inayaweka wapi?"

"Haiyaweki. Ndiyo maana iko nyepesi. Inabaki na hesabu tu."

Hapo nilikunja uso. Anayejua mlango wako bila kujua jina lako, mimi simwamini. Lakini kila jina nililomtajia Poni lilipata namba ya peke yake, naye akazipaka jerikeni zetu namba hizo, mimi nikimwonyesha ipi ya nani. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu nako kulikuwa kosa.

Mvua ya kwanza ikanyesha, wanawake wakaja. Yeno akataja jina lake, simu ikasema kumi na saba, akajitwika jerikeni. Alikuwa amefika mlangoni Keji alipotaja lake. Simu ikasema kumi na saba.

"Yangu iko wapi sasa?" Keji aliuliza. Hakuwa na mbegu nyingine. Jerikeni ile ndiyo iliyokuwa shamba lake na chakula cha watoto wake mwaka mzima.

Niliinuka kwa magoti haya haya, nikamkamata Yeno mkono. "Mwizi! Wewe si wa hapa!"

"Mama, mwizi nani?" alisema. "Nilisikia iko mbegu ya wanawake, nikaja. Nimesema jina langu tu. Huyu mtoto amenipa namba, mimi nikabeba."

Nikamgeukia Poni. "Itajie simu Mabaka."

"Mabaka ni nani, Nyanya?"

"Wewe itajie."

Simu haikusita hata kidogo. Tisa.

"Mabaka ni ng'ombe wa babu yako," nikamwambia. "Alikufa kabla mama yako hajaota meno."

"Mwenye tisa, kalia jerikeni yako!" mmoja akapiga kelele. "Ng'ombe yuko njiani!" Wakacheka mpaka kushika mbavu. Keji hakucheka. Poni naye aliitazama simu kama mtu aliyeumwa na mbwa wake.

"Inajua kuwapanga wale iliyopewa," alisema polepole. "Ikiletewa jina geni haina la kulinganisha. Inatoa tu namba ya mmoja wa wale."

Mwanangu, sikuweza kumgombeza. Nilipokuwa bibi harusi pale Koboko, mama mkwe alinipa nilinde vyungu vya mbegu vya ukoo. Akaja mwanamke, akataja mume nisiyemjua. Niliona haya kusema "sikujui", nikampa chungu kilichokuwa karibu. Kumbe kilikuwa cha mke mwenza wa mama mkwe, na msimu ule hakupanda kitu. Mama mkwe hakunipiga. Alisema, "Mlango usioweza kusema hapana si mlango, ni tundu." Mwaka mzima yule mke mwenza alikula kwetu, na kila tonge lake nilikuwa nalihesabu kwa aibu.

Keji alirudishiwa jerikeni yake, akapanda siku hiyo hiyo. Poni aliandika majina yote ndani ya simu, kila jina kwenye namba yake. Sasa ikifika kwenye namba hulinganisha kwanza, na jina likiwa jingine husema hayupo. Niliijaribu kwa Mabaka. Hayupo. Hata hivyo kila msimu namtaja tena kabla ya kugawa.

Yeno nilimwomba radhi mbele ya wote walionisikia. Alikubali, lakini alirudi Abuku bila kunywa maji yetu. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema wazee. Mimi wa kwangu nilimjeruhi.

Basi mwanangu, ukikabidhiwa kitu cha watu, kijaribu kwa jina ambalo hutaki kikubali, si kwa yale unayoyapenda tu. Anayejibu upesi kila swali, mwulize amejuaje. Na jibu likikutia shaka, lishuku jibu kwanza kabla hujamwita mtu mwizi, kwa maana maji yakimwagika hayazoleki.

Mungu akupe mvua kwa wakati wake, na akupe ulimi usioona haya kusema "sijui". Na mliokuwapo, kama nimekosea namba au neno, nisahihisheni ningali nasikia. Hasa wewe Yeno, ukipata habari hizi, njoo unisahihishe wa kwanza.