Mshipi Nilioukata Nusu

Mimi bahari sijapata kuiingia kupita magoti. Lakini kwa miaka zaidi ya ishirini mume wangu hakuzamia na bunduki yake ya samaki bila mimi kuifunga kwanza mshipi unaoushika mkuki. Mikono yangu ni ya kushona kofia, imezoea uzi na mafundo, na yake ilikuwa mizito kama ya mpasua kuni. Kazi tuligawana hivyo tangu mwanzo wa ndoa: yeye akafuate samaki, mimi nihakikishe mkuki uliotoka unarudi.

Kabla ya kufunga nilikuwa na swali moja tu.

"Maji yeo yako vipi?"

Akisema meupe, naweka nailoni nyembamba, ndefu ya kuzunguka bunduki mara mbili, kwa sababu kwenye maji meupe samaki humwona mtu mapema, na mkuki una safari. Ikiwa mvua imenyesha na maji yanayozunguka kisiwa yamekuwa kama chai ya maziwa, mzunguko mmoja watosha, tena wa kamba nene. Samaki usiyemwona hutampiga, na mshipi mrefu kwenye kiza hicho utamfunga miguu mzamiaji mwenyewe. Na akienda kwenye mawe kumtafuta tewa, yule samaki mkubwa akaaye pangoni, mshipi haufai kuishia kwenye bunduki kabisa. Unatakiwa upande hadi kwenye boya linaloelea juu, ili tewa akijikaza humo ndani, mtu aachie kila kitu akavute pumzi.

Hilo la boya ndilo mume wangu alilolikataa katakata. Bunduki hizi zimepigwa marufuku, na yake ilikuwa ikitoka nyumbani imeviringwa ndani ya mkeka, utadhani mwenyewe anakwenda kuswali. Boya jekundu juu ya maji, alisema, ni sawa na kuwapigia simu askari wa doria. Basi mshipi ukabaki kwenye bunduki, na bunduki akaifunga mkononi kwa kitanzi.

Siku moja, alipokuwa keshaanza kuota mvi hadi kwenye nyusi, alirudi adhuhuri na damu sikioni. Kifundo cha mkono kilikuwa kimechubuka mduara mzima. Tewa alikuwa amemvuta mkono mpaka ndani ya pango, na pumzi ikawa inamwishia. Nikamuuliza mbona hakumwachia.

Akanitazama kama niliyemtusi. "Nimuate? Tewa kama yule?"

Nilimsihi. Nililia. Nilinuna siku tatu, na kununa ni kazi niliyohitimu, lakini safari hii hata hakutambua kwamba nimenuna. Siku ya nne akaniletea bunduki niifunge, maji meupe, anakwenda kwenye mawe. Nikachukua wembe ninaokatia nyuzi, nikaupitisha kwenye mshipi chini kidogo ya fundo, pale ninapofunika kwa uzi, hadi ukabaki nusu ya unene wake. Samaki wa kitoweo ungemhimili. Tewa mkubwa akivuta, utakatika kabla hajanivutia mume wangu.

Na kweli ulikatika. Mara ya kwanza alirudi akicheka, akisema tewa kaondoka na mkuki kama bwana harusi na upanga wake. Kila alipoleta bunduki nifunge mshipi mpya, niliukata vile vile. Mara ya pili aliyalaumu mawe. Mara ya tatu alikaa kitandani akiupapasa mwisho wa mshipi kwa kidole gumba, nami nimesimama mlangoni nikingoja aniulize. Hakuniuliza. Hakupata kunishuku hata siku moja, na hilo linaniuma kuliko kama angenipigia kelele.

"Zamani nilijua kumlegezea samaki," alisema. "Sasa namvuta kama mwanagenzi."

Baada ya hapo aliacha kwenda. Kisha akaacha kutoka alasiri kunywa kahawa na wenzake, kwa kuwa walikuwa wakimuuliza kwa mzaha kama tewa wamemshinda. Akawa mtu wa kukaa chumbani, dirisha nusu wazi. Akishika kikombe anautazama mkono wake kwanza. Kizibo cha chupa ananipa mimi nikifungue, mtu ambaye hata pweza aliyejigandisha kwenye jiwe alikuwa akimbandua kwa mkono.

Ningeweza kumwambia. Maneno yenyewe yalikuwa mafupi. Niliogopa kwamba akijua atarudi majini, na niseme kweli yote, niliogopa pia jinsi atakavyonitazama.

Mwishowe aliamua bunduki ampe mdogo wake, anayekaa Majengo. Aliniletea niifunge mara ya mwisho. "Ifunge vyema," akasema, "asije akapata aibu yangu." Akakaa mbele yangu akitazama kila fundo. Niliweka mshipi mpya, mzima, kwa sababu alikuwa akitazama, na kwa sababu shemeji yangu ana mke wake wa kumhofia.

Wiki haikwisha, shemeji akatuletea kichwa cha tewa kilichoijaza sufuria yangu kubwa. Nilikipika kwa nazi, nikaweka ukwaju, tukala mimi na mume wangu sinia moja. Alikula taratibu. Kisha akainyofoa nyama ya shavu, iliyo tamu kuliko zote, akaisogeza upande wangu.

"Kula, mama watoto," akasema. "Wewe hukukosea hata siku moja. Umeona mwenyewe, mshipi wako ni ule ule. Alokwisha ni mimi."

Niliila ile nyama, nikamwambia ni tamu.