Mfereji Uliooga Kuliko Watu

Shemeji yangu hajasoma kemia hata siku moja, lakini ukimwita Mkemia anageuka haraka kuliko ukimwita kwa jina lake. Jina hilo alijipa mwenyewe, siku aliporudi kutoka kwenye mafunzo ya nusu siku ya kutengeneza sabuni, kichwa kimemvimba. Tangu hapo kila Jumamosi ua wetu unageuka kiwanda. Anavaa miwani ya jua, eti ya kujikinga, anashika mwiko mrefu na kukoroga pipa la plastiki huku akitutangazia kila anachotia, kana kwamba kuna aliyemuuliza.

Mimi ni dada mkubwa wa mke wake. Chumba changu kinatazamana na vyao, kwa hiyo mambo haya sikusimuliwa.

Anaanza na dawa ya povu, anatia magadi yaliyoyeyushwa, halafu chumvi ili sabuni iwe nzito. Mwalimu aliwaambia wapime kila kitu, waiache itulie mpaka kesho yake, na wasisahau gliserini ili ngozi isikauke. Shemeji alisikia povu tu. Gliserini aliiona anasa, na kupima aliona ni kazi ya watu wasiojiamini. Nusu ya pipa huwa sabuni ya vyombo. Nusu nyingine huitia rangi ya kijani na manukato, basi, tayari ni jeli ya kuogea.

Niliiogea mara moja. Nilijikuna mpaka jioni, na ngozi ikabaki na weupe kama ukuta uliopakwa chokaa. Nikamrudishia chupa yake nikamwambia ampelekee adui yake. Akanijibu kwamba ngozi yangu ni ya kizamani.

Kazi yake ya kweli ni fundi wa kinu kwenye kiwanda cha unga, na huko, haki yake nimpe, anaheshimika. Kinu kikikohoa anaitwa yeye. Kazi hiyo ndiyo inayolisha nyumba ile na kusomesha binti zao wawili. Kwa sababu ya unga, mafundi huoga kiwandani kabla ya kurudi, naye kila Jumatatu huondoka na chupa yake ya kijani, kifua mbele.

Sasa, mfereji wa bafu unapita mlangoni kwangu. Kila asubuhi nikifagia nilikuwa naona povu la kijani likiteremka, nikasema, kumbe wenzangu wana ngozi za mamba. Mpaka mdogo wangu alipotoka bafuni siku moja akanipita, akinukia waridi. Hiyo si jeli ya mumewe. Ni sabuni ya kipande, ya dukani. Nikamfuata chumbani nikavuta taulo lake, ikaanguka soksi yenye kipande cha sabuni ndani.

"Na ile ya kijani?" nikamuuliza.

"Tunamwaga," akasema kwa sauti ya chini. "Kila anayeoga anamwaga kidogo. Baba watoto akiona haipungui atajisikia vibaya."

"Na watoto?"

"Watoto ndio waliobuni."

Nilicheka mpaka nikakaa chini, kisha nikakasirika. "Si umwambie inawasha? Neno moja tu!"

"Dada, hujui anavyofurahi akiona chupa tupu. Niachie mwenyewe."

Nikamwachia, lakini si bila kumdokeza bwana mkubwa. "Shemeji," nikamwambia jioni moja, "naona sabuni yako inaisha mbio kweli."

"Ndiyo dalili ya bidhaa nzuri," akanijibu. "Subiri uone mtaa mzima ukiipata."

Upuuzi huu ungeishia hapo ningecheka tu. Lakini chupa tupu zilimpanda kichwani. Akaanza kusema mezani kwamba ikiwa watu watatu wanamaliza jeli yote ile, kinu kinampotezea muda. Mwisho wa mwezi ataacha kazi, awe na kiwanda chake. Mdogo wangu alikuja kwangu mbio.

"Mwambie leo," nikasema.

"Namwambia sasa hivi."

Akaenda. Kupitia dirishani nikamsikia akimmiminia chai, akikohoa, akimuuliza kama sukari imetosha. Basi, yakaishia hapo. Nikamtuma binti mkubwa, naye akarudi akasema baba alikuwa anaimba, akaona amwache. Nyumba nzima ya watu wenye midomo, na hakuna aliyejua inafanya kazi gani zaidi ya kula.

Hakungoja mwisho wa mwezi. Alirudi alasiri moja, mapema kuliko kawaida, miwani yake ya jua usoni, begi la kazini limejaa mpaka zipu haifungi. Alikuwa ametoa kila kitu kabatini mwake kiwandani.

"Nimeaga," akatangaza. "Kuanzia leo mimi ni bosi."

Mke wake akakaa kizingitini, akaanza kutoa vitu begini kimoja kimoja. Ovaroli. Viatu. Kitana. Halafu kisahani cha plastiki chenye kifuniko. Akakifungua. Ndani kulikuwa na kipande cha sabuni ya waridi, bado kimelowa.

"Hii ya nani?"

Shemeji akavua miwani. "Ya... ya kazini."

"Na jeli yako?"

"Ile nasugulia sakafu." Akajikuna shingo. "Inaniwasha, mama watoto. Tangu siku ya kwanza. Nilidhani ni ngozi yangu tu. Nyinyi mnaipenda, nikaona niwaachie."

Mdogo wangu akaingia ndani akarudi na soksi, akaiweka kando ya kile kisahani. Binti zao wakaja na za kwao. Shemeji alizitazama soksi zote, kisha akautazama mfereji, na nikaona mtu akielewa. Huruma ilinijia baadaye. Wakati ule nilikuwa na hasira tu, kwa watu waliooneana aibu mpaka wakamwaga kazi mferejini.

Asubuhi yake alioga nyumbani, akaiacha sabuni ya waridi juu ya ukuta wa bafu, hadharani, akaenda kumwangukia msimamizi. Kinu kilikuwa kimeshapewa fundi mwingine. Wakamrudisha, lakini kubeba magunia.

Jioni alirudi mabega yamevimba. Mkewe akamwekea maji ya moto na kumuuliza kama anaumia. Nilimwona akiweka ile sura yake ya Mkemia, mdomo ukijiandaa kusema hapana, ni mazoezi tu. Macho yake yakaangukia sabuni pale ukutani.

"Naumia," akasema. "Naumia sana."