Bibi Kaikalia Mikono

Bibi yetu ana mikono isiyojua kutulia, kwa hiyo leo kaikalia. Mama kasema mdogo wangu, mwenye vijino viwili tu, ale mwenyewe, kijiko marufuku. Bibi kanuna: "Sasa mimi kazi yangu nini hapa?" Mtoto anashika kipande cha parachichi, kinateleza kama sabuni, anakifuata taratibu kama yuko ndotoni. Kila akifungua mdomo, Bibi naye anafungua wake, waaazi, jamani, wala hajijui! "Bibi, funga!" namtania. "Niache, namsindikiza." Jua la dirishani limewamwagikia wote wawili, hadi mate yanang'aa. Mara mtoto akamwangalia, akauona ule mdomo unasubiri, akamlisha. Bibi akatafuna polepole, kafumba macho. Mikono bado kaikalia.