Mteja wa Nyumba ya Theluji

Sinywi pombe, hata ya harusi, na siku ile sikuwa na homa. Nasema mapema kwa sababu najua mtakavyonikodolea macho. Haya yamenikuta mimi mwenyewe, hapa hapa Bariadi, mchana kweupe, na nikimaliza njooni mnishike mkono wa kulia muone.

Ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa, wanunuzi binafsi wa pamba wanajaa mjini, na sisi wa ofisi ya ujenzi tukapunguzwa kazini. Kaka yangu akaniambia nirudi nyumbani nikalime. Nirudi? Na ubao wangu wa kuchorea nimpe nani? Nikapanga chumba kimoja karibu na soko, nikaandika mlangoni: MCHORA RAMANI ZA NYUMBA. Nikajiapiza kwamba kazi yoyote itakayoingia humo sitairudisha.

Basi, mteja wa kwanza akawa yeye. Jua la saa saba, mbwa wamelala chini ya mabenchi, na kijana kavaa koti zito la sufu mpaka kidevuni! "Mwadila, dada," akaniamkia Kisukuma, akakaa.

"Nataka nyumba ndogo ya kisasa, ya mlimani, kwenye theluji. Watu wanaenda kule kuteleza. Wanavaa mbao ndefu miguuni."

"Mbao miguuni?" Nilicheka, siwafichi. Yeye hakucheka.

"Mtu alale humo, theluji ianguke usiku kucha, asubuhi atoke mzima. Hilo ndilo ninalotaka. Na uichore hata mama yangu, ambaye hajui kusoma, aielewe."

Theluji mimi nimeiona kwenye kalenda tu. Lakini nilishaapa. Nikamhoji kama ninavyomhoji mteja yeyote: hiyo theluji ina uzito gani? Inakaa wapi? Akanieleza kwamba inaanguka bila kelele, inalundikana juu ya paa na kuzunguka kuta mpaka madirishani, na ikishatulia inakuwa nzito. Alipoondoka, chini ya kiti pakabaki dimbwi la maji. Mvua haikuwa imenyesha kwa miezi. Nikapiga deki, nikaanza kuchora.

Kwanza nilimchorea paa la bati lenye mwinuko kidogo, kama tunavyoezeka hapa. Kesho yake saa ile ile akaja, akatazama. "Litamwangukia," akasema. Nikafuta. Nikalisimamisha paa mpaka likakaribia kugusa ardhi kila upande, theluji iteleze yenyewe. Nikainua sakafu juu ya nguzo, nikaweka kuta mbili zenye nafasi katikati, vioo viwili kila dirisha, jiko la kuni, na kijichumba mlangoni cha kuvulia buti na kuegesha zile mbao. Jamani, ile ilikuwa nyumba! Mpaka leo sijachora nzuri kama ile.

Siku ya tatu akaiangalia muda mrefu, maji yanamdondoka kwenye mikono ya koti. "Nzuri, dada. Lakini huyu mtu hatoki."

"Kwa nini hatoki?" Nilikuwa nimekasirika.

"Ningejua, ningekuja kwako?"

Hapo ndipo nilipoelewa nimekaa na nani. Nywele zikanisimama. Ningekimbia, niaminini, miguu ilishajiandaa. Lakini alikuwa ananitazama kama mtu anayesubiri majibu ya hospitali, nami sijazoea kushindwa na ramani yangu mwenyewe. Nikamwambia, "Njoo kesho. Nitamtoa."

Sikula jioni ile. Nilikaa mbele ya ubao nikijiweka ndani ya ile nyumba, kona moja baada ya nyingine, mpaka nikakumbuka ghala la pamba la chama cha msingi cha wakulima. Utotoni nilijificha humo tukicheza. Mlango wake ulikuwa unafungukia nje, na watu wakaja wakamwaga pamba pale mlangoni. Pamba nyepesi, sivyo? Hebu isukume ikiwa imelundikwa mpaka kifuani! Nilisukuma huku nalia mpaka wakubwa waliponisikia, wakaihamisha.

Nikautazama mlango wangu. Nilikuwa nimeuchora ufungukie nje, ili kile kijichumba cha buti kisibanwe. Nikaufuta pale pale, nikaugeuza ufungukie ndani: mtu auvute, theluji ibaki imesimama mbele yake, aichimbe, atoke. Na koleo nikamchorea, ndani, pembeni mwa mlango.

Alipoiona tu, akafunika uso. "Nilikuwa nasukuma," akasema. "Nilisukuma kwa nguvu zangu zote, dada."

Nikamuuliza niandike jina gani la mwenye nyumba. "Mama Shija, wa kijiji cha Shishiyu. Mpelekee." Akanipa mkono. Baridi ile sina maneno ya kuieleza. Kisha kiti kikawa kitupu.

Nilikwenda. Nilimkuta Mama Shija anachambua pamba uani. Akanieleza kwamba Shija, mwanawe, alipelekwa Ulaya kusoma, wakati ule sisi huku tunapanga foleni ya sukari. Ikaja barua kwamba amefia kwenye kijumba cha mlimani alikolala peke yake. Alikutwa ameegemea mlango ambao haukuwa na kufuli.

"Ng'wanone, mwanangu yule, alikuwa anafunga maksai nira peke yake," akasema. "Mlango usio na kufuli umshinde? Watu wakasema kuna mkono wa mtu. Mimi nikamtaja wifi yangu." Akaonyesha kwa kidevu nyumba ya ng'ambo ya shamba. "Walitaka kumchoma moto. Sijamwamkia tangu siku ile."

Nikatandaza ramani juu ya mkeka. Nikamshika kidole, nikakipitisha: theluji hii hapa, mlango huu hapa, wa kwake ulifungukia nje, akausukuma ukagoma, huu unauvuta, unatoka. Akarudia mwenyewe kwa kidole, mara tatu.

"Mlango tu?" akasema. "Mayu wee! Mlango tu?"

Alilia kwa uchungu, nami nikalia naye. Halafu akainuka, akaikunja ramani, akakatisha shamba. Nilimwona yule wifi akitoka, akarudi nyuma kwa hofu. Mama Shija akapiga goti, akamwamkia.

Kiganja changu hakijapata joto tangu siku ile. Mtoto wa jirani akishikwa na homa, mama yake ananiita nimwekee kwenye paji la uso, naye analala. Na ninyi mnaonisikiliza nawaonya: mkipata msiba msiouelewa, kabla hamjasema kuna mkono wa mtu, nendeni kwanza mkaangalie mlango ulikuwa unafungukia wapi.